Funguo za Stoo Zikae kwa Nani? Mjadala wa Kuajiri Gisenyi

Rwanda humruhusu mgeni kumiliki kampuni yote, asilimia 100, bila kumdai mbia Mnyarwanda. Usajili hupitia Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) na huisha upesi. Ugumu huanza baada ya hapo, kwenye kuajiri. Katika mji wa mpakani kama Gisenyi, wilayani Rubavu, ugumu huo hukusanyika kwenye swali moja: nafasi za kuaminiwa, yaani fedha, stoo na hesabu, mwajiri mgeni awape watu aliokuja nao au awape wenyeji? Wanaojibizana ni mwajiri mgeni, mama mfanyabiashara wa mpakani, mshauri wa sheria za kazi na mfanyakazi.

MWAJIRI MGENI: Anayefungua duka la vifaa vya ujenzi au hoteli ndogo kando ya Ziwa Kivu mara nyingi amekopa benki kwao na kuweka nyumba rehani. Huku hajui nani ni nani. Mtu aliyefanya naye kazi miaka kumi Nairobi au Kampala, tabia yake inajulikana, kwao kunajulikana, na siku akikimbia na fedha kuna mlango wa kwenda kubisha. Kumpa huyo funguo hakumdharau mwenyeji, kunalinda mali. Hata sheria ya uwekezaji imeliona hilo: mwekezaji aliyeleta angalau dola 250,000 anaweza kuajiri wageni watatu bila kuthibitisha kwamba ujuzi wao haupatikani nchini. Meneja, mhasibu, mtunza stoo. Watatu wanatosha.

MSHAURI WA KAZI: Wanatosha kwa mwenye dola 250,000. Mwenye mgahawa wa meza kumi hafiki huko, na kila mgeni anayemleta lazima aombewe kibali kwa njia ya kawaida. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatozwi ada ya kibali cha kazi Rwanda, na hapo wengi hukosea: kilichoondolewa ni ada, kibali kipo palepale. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, haikufungua milango yote. Kila nchi iliorodhesha aina za kazi inazozifungua, na orodha hizo ziliwatazama zaidi wataalamu na mafundi kuliko watunza stoo. Kuna na gharama. Mtu aliyehamishwa hudai nyumba, nauli ya kwenda kwao sikukuu, na mshahara unaozidi wa mwenzake anayefanya kazi ileile. Tofauti hiyo wafanyakazi wengine huijua kabla mwezi wa kwanza haujaisha.

MAMA WA MPAKANI: Na hiyo hoja ya kutojua nani ni nani haina msingi Gisenyi. Petite Barrière, njia ya waendao kwa miguu kati ya Gisenyi na mtaa wa Birere wa Goma, upande wa Kongo, ilikuwa inavukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku kabla ya Korona. Wafanyabiashara wadogo wa hapo wengi wao ni wanawake: mboga, mayai, maziwa, maharage. Sehemu kubwa ya biashara hiyo huenda kwa mali kauli. Muuzaji wa Mbugangari humwachia mwenzake wa Birere beseni asubuhi, fedha huja jioni au kesho yake. Hakuna hati, hakuna sahihi. Asiyelipa hujulikana pande zote mbili siku hiyohiyo, na hapati tena wa kumkopesha. Mgeni anayetaka kumjua mtu amwulize anayeuza nyanya mbele ya duka lake. Ataelezwa ukoo mzima, na akitaka mdhamini atapewa.

MWAJIRI MGENI: Kauli inatosha kwa beseni la nyanya, Mama. Mifuko 300 ya saruji ni deni la mwaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mpaka huu hauna dhamana ya kesho. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya Korona. Waliokuwa wanadai upande wa pili wakabaki wanadai. Januari 2025 Goma ilipotekwa na waasi wa M23, benki za huko zilifunga milango na watu wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta fedha. Katika hali kama hiyo, kauli ya mdhamini aliye Birere ina thamani gani?

MAMA WA MPAKANI: Mpaka ulipofungwa ndipo kauli ilipofanya kazi. Biashara iliporuhusiwa tena kwa masharti ya Korona, wafanyabiashara wadogo walijiunga katika makundi, mizigo ya watu wengi ikapakiwa kwenye gari moja, ikaenda Goma bila wenyewe kuifuata. Waliokabidhiwa mali ya wenzao hawakuletwa kutoka Nairobi. Na tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Gisenyi usiku, kisha ardhi ikatetemeka siku kadhaa mpaka majengo ya Gisenyi yakapasuka. Siku kama hizo mwenye pasipoti ya mbali huondoka kwanza, tena kwa haki yake, kwa sababu ana pa kwenda. Anayebaki na funguo ni yule ambaye nyumba, watoto na makaburi ya wazee wake vipo hapahapa. Mwajiri anayeogopa mpaka kufungwa angeogopa zaidi kuwa na mtunza stoo anayetegemea mpaka uwe wazi ili afike kwao.

MSHAURI WA KAZI: Mmoja anategemea undugu wa nyumbani, mwingine anategemea kauli ya sokoni. Mkaguzi wa kazi wa wilaya hapokei chochote kati ya hivyo. Sheria namba 66 ya mwaka 2018, inayosimamia kazi Rwanda, inasema mkataba usioandikwa usizidi siku 90 mfululizo. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi mitatu, na kikiongezwa ni mitatu mingine baada ya mfanyakazi kupimwa kazi yake. Likizo ya mwaka huhesabiwa siku moja na nusu ya kazi kwa kila mwezi, yaani siku 18 kwa mwaka. Marekebisho ya 2023 yaliongeza likizo ya uzazi kutoka wiki 12 hadi 14. Haya yanamhusu mwenyeji na mgeni sawasawa. Biashara nyingi ndogo za kigeni hujikwaa kwenye kosa moja: kumweka mtu kama kibarua, mwezi baada ya mwezi, akifanya kazi ya kudumu.

MWAJIRI MGENI: Kwa sababu kazi ya kudumu ni ghali na inazidi kuwa ghali. Tangu Januari 2025 michango ya pensheni katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda (RSSB) imepanda hadi asilimia 12 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, na mpango uliotangazwa unaipeleka hadi 20 ifikapo 2030. Bado kuna mchango wa ajali kazini, wa uzazi na wa bima ya afya ya jamii. Duka linaloanza halina mauzo ya kubeba yote hayo kwa watu wanane. Anayesema mgeni aajiri wenyeji wengi na kwa mkataba kamili aeleze pia fedha zitatoka wapi.

MFANYAKAZI: Zitatoka palepale zinapotoka za nyumba na nauli za yule aliyeletwa. Mjadala huu umekwenda mbali bila kutaja mshahara. Kima cha chini cha Rwanda kiliwekwa mwaka 1980, faranga 100 kwa siku, na kwa miongo baada ya hapo kikabaki hivyohivyo wakati faranga 100 haitoshi hata kununua soda. Sheria ya 2018 iliacha kiwango kipya kitolewe kwa agizo la waziri. Kwa hiyo mwajiri ndiye anayepanga, na mgeni hupanga kwa kuuliza jirani analipa kiasi gani, kisha anakata kidogo. Mwezi ambao mshahara hauzidi faranga 60,000 haukatwi kodi ya mapato. Wapo wengi wanaobaki chini ya mstari huo mwaka baada ya mwaka. Mtu huyo akabidhiwe mali ya mamilioni, na ikipungua yeye awe wa kwanza kushukiwa! Bosi anauliza nani anaaminika. Angeanza kwa kuuliza amemlipa nani kiasi cha kumwezesha kuaminika.

MWAJIRI MGENI: Hakuna mshahara unaonunua uaminifu. Wapo waliolipwa vizuri wakaiba.

MFANYAKAZI: Wapo, na wapo walioletwa kutoka nyumbani kwa mwajiri wakaiba pia, tena kwa wepesi zaidi, kwa kuwa hapana aliyekuwa anawaangalia.

MSHAURI WA KAZI: Kuna na lugha ya mkataba wenyewe. Waliosoma kabla ya 2008 wengi wao walisoma kwa Kifaransa; baada ya hapo shule zikahamia Kiingereza; Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Gisenyi Kiswahili kilikuwa cha sokoni na mpakani muda mrefu kabla ya hapo. Hata hivyo mikataba mingi ya waajiri kutoka Kenya na Uganda huandikwa kwa Kiingereza, ikanakiliwa kutoka ofisi za kwao pamoja na vifungu vya sheria za kwao. Mfanyakazi wa miaka 45 anaweka sahihi kwenye karatasi asiyoisoma, na mwajiri anaweka sahihi kwenye karatasi isiyo na nguvu Rwanda. Tafsiri ya Kinyarwanda ni gharama ndogo kuliko kesi moja.

MWAJIRI MGENI: Lugha inatafsirika. Lisilotafsirika ni kimya. Meneja anaitisha kikao, anauliza kama mpango mpya wa zamu una tatizo, wote wanajibu hakuna. Jumatatu zamu haifuatwi. Nairobi mtu angepinga palepale. Goma angepinga kwa sauti ya kusikika barabarani. Mgeni kwanza huona kimya hicho ni kukubali, baadaye akaona ni hila. Ndiyo maana hurudi kwa watu wake: wakisema ndiyo, anajua uzito wake.

MAMA WA MPAKANI: Hakuna hila hapo. Kumpinga mkubwa mbele ya watu huhesabiwa utovu wa adabu, na mkubwa mwenyewe huhesabiwa amevunjiwa heshima. Pingamizi lipo na lina njia yake: hupelekwa pembeni, na mtu wa makamo, baada ya salamu na habari za nyumbani. Mwajiri anayefunga kikao na kupanda gari hatalisikia. Aliye na msimamizi mwenyeji hulisikia jioni hiyohiyo, pamoja na sababu yake, ambayo pengine ni ndogo tu: zamu mpya inaisha baada ya mpaka kufungwa, na mama mmoja ana mtoto anayelala kwa bibi yake ng'ambo. Kazi ya kwanza ya msimamizi mwenyeji ni hiyo. Funguo zinakuja baadaye.

MSHAURI WA KAZI: Na anayetaka ahadi zilizo wazi amerahisishiwa. Wilaya za Rwanda hutia sahihi imihigo tangu 2006: malengo ya mwaka yanaandikwa, yanasomwa hadharani, mwishoni yanapimwa. Desturi hiyo imeshuka hadi vijijini. Mwajiri akiwaandikia wafanyakazi malengo ya robo mwaka kwa mtindo huo, hawatashangaa. Wanaujua tangu kwa kiongozi wa mtaa.

MFANYAKAZI: Ikiwa wote wameshiriki kuyaandika. Imihigo ya dukani huandikwa na Bosi peke yake usiku, ikabandikwa ukutani asubuhi, na upande wa yale atakayotimiza yeye huachwa mtupu.

MSHAURI WA KAZI: Hilo ni kweli kwa sehemu nyingi, na hakuna kifungu kinacholizuia. Lakini kuna jambo ambalo sheria na desturi zimekutana. Vitambulisho vya Rwanda havitaji tena kabila tangu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na Katiba inakataza ubaguzi wa namna hiyo. Kwenye usaili swali hilo haliulizwi, wala kwa kuzunguka, wala kwa kumwuliza mtu wazazi wake walikuwa wapi mwaka ule.

MWAJIRI MGENI: Hapo ndipo hoja ya mgeni ina nguvu kuliko popote. Aliyetoka nje hana upande. Hana ndugu aliyeuawa na hana ndugu aliyefungwa. Akigawa zamu, akipandisha cheo, akifukuza, hakuna atakayesema amelipiza. Mwenyeji, hata awe mwadilifu kiasi gani, anabeba macho ya watu kila anapoamua. Kumweka mgeni kwenye kiti cha maamuzi kunaweza kuwa huruma kwa wenyeji wenyewe.

MAMA WA MPAKANI: Asiye na upande lakini hajui alipo anaweza kuumiza zaidi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walipita mji huu wakikimbilia Goma, na miaka iliyofuata wengi walirudi kwa njia hiyohiyo. Katika duka moja leo anaweza kuwapo aliyenusurika, aliyezaliwa kambini Kongo, na aliyerudi kutoka Uganda na familia iliyokuwa uhamishoni tangu 1959. Tarehe 7 Aprili inafunguliwa wiki ya maombolezo, na ukumbusho huendelea siku 100. Wiki hiyo burudani husimama. Meneja mgeni asiyejua atapanga ofa ya bei na spika mlangoni tarehe 9, kisha ashangae kwa nini keshia, aliyekuwa mchangamfu mwezi mzima, amekaa kimya na hesabu zake zina makosa. Atamwandikia onyo. Mwenyeji angempa siku mbili za mapumziko bila kuulizwa, na hakuna mtu dukani angehitaji kuelezwa sababu.

MWAJIRI MGENI: Hilo linafundishika. Mgeni anaweza kupewa kalenda.

MAMA WA MPAKANI: Kalenda itamwambia tarehe. Haitamwambia ni nani kati ya wafanyakazi wake asiitwe kufanya kazi usiku mwezi wa Aprili.

MWAJIRI MGENI: Basi na wale wa Goma? Wenyeji wanatetewa hapa kana kwamba Gisenyi ni ya Wanyarwanda peke yao. Kwenye kushona, kusuka nywele, muziki na kumchangamsha mteja, waajiri wengi wa hapa huwatafuta Wakongomani, na wateja huwafuata. Kwa Kiswahili na Kifaransa wanauza vizuri kuliko yeyote.

MSHAURI WA KAZI: Hati inayomvusha mtu kwa siku moja haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Nchi tatu za Maziwa Makuu ziliunda jumuiya yao ya kiuchumi, CEPGL, mwaka 1976, papa hapa Gisenyi, na makao yake yakawekwa hapa. Hati zake za kusafiria zimerahisisha kuvuka, lakini kibali cha kazi hazikukiondoa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kujiunga na kutekeleza Soko la Pamoja ni mambo mawili. Mnyarwanda anayefanya kazi Goma naye, kwa sheria ya Kongo, hudaiwa kadi ya kazi ya mgeni. Mshonaji anayevuka asubuhi na kurudi jioni, akilipwa kwa kipande, yuko nje ya RSSB na nje ya mkataba, na sindano ikimwingia jichoni hakuna bima.

MAMA WA MPAKANI: Na wapo wengi wanaolala Gisenyi na kufanya kazi Goma, kwa mashirika na maduka, kwa kuwa huku usiku ni shwari. Watoto wa Goma wanasoma huku. Familia moja ina chumba kila upande. Sheria ya nchi moja moja haijawahi kuwatosha watu hawa.

MSHAURI WA KAZI: Haiwatoshi, lakini bila hiyo wangebaki na nini siku ya ajali?

MWAJIRI MGENI: Itazamwe kampuni kubwa basi. Bralirwa ipo Gisenyi tangu 1957, na Heineken iliingia mwaka 1971. Kwa zaidi ya nusu karne mtaji wa Ulaya umefanya kazi kando ya ziwa hili, na mkurugenzi mkuu mara nyingi ametoka nje. Wenye uzoefu mrefu kuliko wote wamechagua kuweka mtu wao juu.

MAMA WA MPAKANI: Juu, ndiyo. Lakini chupa zinahesabiwa na nani, magari yanapakiwa na nani, mitambo inawashwa na nani saa tisa za usiku? Familia za Rubavu zimefanya kazi mle kizazi baada ya kizazi. Mkurugenzi hukaa miaka michache akahamishwa. Funguo za stoo hazihami naye.

MFANYAKAZI: Na kampuni ile ina ukaguzi, ina wawakilishi wa wafanyakazi, ina karatasi kwa kila sanduku linalotoka. Mwenyeji hakuaminiwa kwa sura yake. Kazi ilipangwa hivi kwamba mtu mmoja, awe wa hapa au wa mbali, asiweze kuondoka na mali peke yake.

MWAJIRI MGENI: Hilo duka dogo linaweza kuliiga. Kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa aliyeletwa, mwingine kwa mwenyeji. Stoo haifunguki mpaka wote wawepo, na wote watie sahihi kwenye daftari.

MFANYAKAZI: Mifuko 20 ikikosekana, Bosi ataanza na nani?

MWAJIRI MGENI: Na wote wawili.

MFANYAKAZI: Kwa maneno. Mmoja wao anakula naye chakula cha jioni na wanazungumza lugha ya kwao. Mwingine ataambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe, bila mshahara.

MSHAURI WA KAZI: Kufukuza kwa kosa kubwa kunahitaji ushahidi na sababu zilizoandikwa, na asiyeridhika ana njia: wawakilishi wa wafanyakazi kwanza, kisha mkaguzi wa kazi wa wilaya ambaye hujaribu kupatanisha, kisha mahakama. Mkaguzi hataangalia nani alikuwa na ufunguo upi. Ataomba daftari, mkataba na hati za mishahara.

MWAJIRI MGENI: Wakati huo saruji imekwisha kuuzwa.

MAMA WA MPAKANI: Sokoni ingejulikana imeuzwa kwa nani kabla ya jua kuzama.

MFANYAKAZI: Sokoni ingejulikana, au ingesemwa tu. Aliyetajwa mwizi asubuhi Mbugangari anakuwa mwizi Birere mchana, na hata mifuko ikipatikana baadaye kwenye lori la muuzaji mwingine, hakuna atakayezunguka tena kumsafisha jina. Mama anaisifu kauli kwa kuwa kauli haijamgeukia. Kwa mkaguzi angalau kuna faili lenye tarehe, kuna tuhuma iliyoandikwa ambayo mtu anaweza kuisoma na kuijibu, na Bosi naye analazimika kueleza kwa maandishi kwa nini mwenye ufunguo wa pili hakuulizwa.